Mlango wa Shaba: Namna Seli za Figo Zinavyodhuriwa na Dawa ya Platini, na Namna ya Kuzikinga

Utangulizi

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa wa Katanga uliitwa Shaba. Ni nadra kwa neno la Kiswahili kupewa heshima ya kuwa jina la mkoa mzima katika nchi ambayo lugha yake ya serikali ni Kifaransa, na ni nadra zaidi kwa jina hilo kuwa la madini. Kabla ya ukoloni, mafundi wa eneo hilo walioyeyusha mawe ya kijani na kupata misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha walijulikana kwa jina la walaji wa shaba, jina ambalo de Hemptinne alilifanya kuwa anwani ya andiko lake la mwaka 1926. Kula huko hakukuwa kutafuna, bila shaka. Hata hivyo, elimu ya viumbe imekuja kuonyesha kwamba kila seli ya mwili wa binadamu ni mlaji wa shaba kwa maana iliyo karibu sana na kutafuna: haiwezi kuishi bila kiasi kidogo cha metali hiyo, na katika ngozi yake imejitengenezea mlango maalumu wa kuiingiza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mlango huo, pamoja na mwingine wa jirani, unavyopitisha dawa ya saratani iitwayo sisplatini mpaka ndani ya seli za figo, madhara yanayofuata, na kinga ambazo utafiti wa takriban miaka hamsini umezipata na zile ulizozikosa. Tumechagua kulitazama suala hili tukiwa tumesimama Kolwezi. Sababu ya kwanza ni kwamba figo za wakazi wa ukanda wa shaba wa Lualaba hupokea metali nyingi kabla hata ya dawa yoyote kutiwa mshipani. Sababu ya pili inawahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili: karatasi ya maelezo ya dawa huko huandikwa kwa Kifaransa, lakini mazungumzo kati ya muuguzi na mgonjwa hufanyika kwa Kiswahili, na tutaona kwamba sehemu kubwa ya kinga ya figo imo katika mazungumzo hayo.

Platini nayo si mgeni kabisa Kolwezi. Mgodi wa Ruwe, uliofahamika kwa dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20 kabla shaba haijatawala kila kitu, ulikuwa na platini na paladiamu ndani ya dhahabu yake. Lakini platini ya dawa haikutoka katika udongo huo, wala haikutafutwa na mtu aliyekuwa akiifikiria saratani.

Dawa iliyopatikana kwa kubahatisha

Mchanganyiko wenyewe ulitengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mwitalia, Michele Peyrone, katika miaka ya 1844 na 1845, ukakaa katika maabara kwa zaidi ya karne moja bila kazi ya maana. Mwaka 1893 Alfred Werner alieleza umbo lake: atomi moja ya platini imekaa katikati, imeshikwa na molekuli mbili za amonia upande mmoja na atomi mbili za klorini upande wa pili. Mpangilio huo wa pande ni jambo la msingi. Ukizipanga klorini hizo zikatazamana kwa mshazari, vitu vilivyomo vinabaki vile vile, lakini dawa haipo tena.

Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao la kutaka kujua kama umeme unaathiri kugawanyika kwa bakteria. Walitumia elektrodi za platini kwa kuwa platini inasifika kwa kutochanganyika na kitu. Bakteria wao waliacha kugawanyika lakini wakaendelea kurefuka kama nyuzi, wengine kufikia mara mia tatu ya urefu wao wa kawaida. Baada ya uchunguzi mrefu ilionekana kwamba umeme haukuwa na hatia yoyote: platini kidogo ilikuwa imeyeyuka kutoka katika elektrodi na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwamo katika mchuzi wa bakteria. Kitu kinachozuia bakteria kugawanyika huenda kikazuia pia seli za saratani. Mwaka 1969 kikundi hicho kilionyesha kwamba ndivyo ilivyo kwa panya.

Dawa iliingia kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Desemba 1978 serikali ya Marekani iliiruhusu itumike kwa saratani ya korodani na ya kokwa. Saratani ya korodani, iliyokuwa ikiwaua vijana wengi pindi inapoenea, ikawa ni ugonjwa unaopona kwa walio wengi. Tangu mwaka 1999 sisplatini huongezwa juu ya tiba ya mionzi kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na hilo ndilo linaloigusa zaidi Afrika yetu, kwani katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa huo ni miongoni mwa mizigo mikubwa kupita yote. Dawa hii ni ya zamani, haina tena haki ya mtu mmoja kuitengeneza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haitazamiwi kutoweka hivi karibuni.

Hata hivyo, ilikaribia kutoweka kabla haijatambulikana. Katika majaribio ya mwanzo figo za wagonjwa wengi zilifeli, baadhi yao wasipone tena. Hata leo, pamoja na tahadhari zote, inakadiriwa kwamba kati ya mgonjwa mmoja katika watano na mmoja katika watatu hupata dhara la figo. Kwa nini figo, na si ini wala moyo?

Mchujo na mrija

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu, na mtu hutoa lita moja na nusu hivi kama mkojo. Maji mengine yote hurudishwa mwilini, na theluthi mbili za kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na sehemu moja tu, yaani mrija wa mwanzo unaotoka katika kichujio. Seli za mrija huu ni kama wachambuzi wa mawe katika mgodi: kila kitu hupita mikononi mwao, chenye thamani hurudishwa, kisicho na thamani huachwa kiende. Kazi hiyo inataka nguvu nyingi, kwa hiyo seli hizi zimejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya kuzalisha nguvu kwa kutumia oksijeni. Tena hazingoji tu vinavyokuja na mchujo; upande wa nyuma, unaopakana na damu, huvuta vitu vingine moja kwa moja ili kuvitupa nje.

Sifa hizo zote mbili, wingi wa milango na wingi wa vinu, ndizo zinazoifanya sehemu hii, hasa kipande chake cha mwisho kinachoshuka kuelekea kiini cha figo, kuwa ya kwanza kudhurika. Kiasi cha platini ndani ya seli za mrija kimepimwa na kuonekana kuwa takriban mara tano ya kilichomo katika damu. Ni dhahiri kwamba seli hizi haziloweshwi na dawa kwa bahati mbaya. Zinaivuta.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni ule tuliouanzia. Wanasayansi huuita CTR1. Ni protini iliyojipenyeza katika ngozi ya seli, ambayo vipande vyake vitatu hukutana na kufanya tundu jembamba, na tundu hilo limezungushiwa viungo vyenye salfa vinavyopenda kushikana na shaba na kuipasishana kutoka kimoja hadi kingine. Platini nayo hupenda salfa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hamira iliyoondolewa kinasaba cha mlango huu ilistahimili sisplatini kuliko hamira ya kawaida, na hali ilikuwa hivyo hivyo kwa seli za panya. Mwaka 2009 jambo hilo lilionyeshwa katika seli za mirija ya figo: mlango ukipunguzwa, dawa inayoingia hupungua na seli zinazokufa hupungua.

Inapasa kuongeza kwamba suala hili halijatulia. Baada ya kupatikana kwa mbinu mpya ya kukata vinasaba kwa usahihi mkubwa, wapo watafiti ambao mwaka 2016 waliuondoa mlango wa shaba kabisa katika seli za maabara na wakaona tofauti ndogo tu. Kwa maoni yetu ushahidi huo wa pili haufuti ule wa kwanza, bali unatukumbusha kwamba nyumba yenye mlango mmoja uliofungwa bado ina madirisha.

Mlango wa pili huitwa OCT2, nao upo nyuma ya seli, upande wa damu. Kazi yake ya kawaida ni kutoa mwilini masalia yenye chaji chanya. Tofauti yake na ule wa shaba ni ya maana sana kwa mganga. Mlango wa shaba umo katika kila seli, pamoja na seli za saratani zenyewe; ukiuziba kwa mgonjwa, umeiokoa figo na umeiokoa saratani pia. OCT2 umo kwa wingi katika figo, na pia katika seli za sikio la ndani, ambalo ni kiungo kingine kinachoharibiwa na dawa hii. Panya waliozaliwa bila milango ya aina hii walidhurika kidogo zaidi. Kuna dawa ya zamani ya vidonda vya tumbo, simetidini, ambayo huuziba mlango huo, na katika panya iliipunguza sumu ya sisplatini. Kwa binadamu bado haijawa sehemu ya tiba ya kawaida.

Seli isiyogawanyika inakufaje?

Hapa kuna fumbo linalostahili kukaliwa kidogo. Tunafundishwa kwamba dawa za saratani huua seli zinazogawanyika upesi, ndiyo maana nywele hunyonyoka na tumbo huchafuka. Seli za mrija wa figo hugawanyika kwa nadra mno. Zinakufaje basi?

Jibu linaanzia na chumvi. Katika damu kloridi ni nyingi, takriban milimoli 100 kwa lita, na wingi huo huzizuia zile klorini mbili zisiachane na platini. Dawa husafiri ikiwa imevaa. Ndani ya seli kloridi ni chache sana, klorini huanguka, maji huchukua nafasi yake, na platini iliyo uchi hushika chochote kilicho karibu. Katika seli ya saratani, kinachohesabika zaidi ni kwamba huzifunga pamoja herufi za DNA, na seli inayojaribu kunakili maandishi yaliyobandikwa hivyo hujiua. Katika seli ya figo platini hushika pia DNA ya mitokondria na protini zake. Vinu vikiharibika hutoa cheche, yaani oksijeni kali isiyotulia, zinazounguza utando na protini za seli. Kisha seli inayokufa huita askari wa kinga ya mwili, nao huongeza moto.

Jambo la kusikitisha ni kwamba figo hujaribu kujitetea na utetezi wake humgeukia. Seli huifunga platini kwa glutathioni, kitambaa chake cha kawaida cha kufungia sumu. Lakini juu ya mrija kuna vimeng'enya vinavyokivua kitambaa hicho kipande kwa kipande, na kinachobaki mwisho, kwa mujibu wa majaribio ya panya, ni sumu kali kuliko dawa iliyoanza.

Maji, chumvi na magnesi

Kinga iliyoiokoa dawa hii haikutoka katika ujuzi wa milango wala wa vimeng'enya. Ilikuja kabla yake. Mwaka 1977 madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan-Kettering mjini New York walieleza kwamba mgonjwa akitiwa maji ya chumvi kwa wingi mshipani pamoja na manitoli, aina ya sukari inayolazimisha mkojo utoke, angeweza kupewa dozi kubwa zaidi bila figo kuharibika kama zamani. Maji hupunguza ukali wa dawa ndani ya mrija na kufupisha muda inaoshinda humo. Chumvi ina kazi ya ziada, kwani kloridi yake huizuia dawa isivuliwe mapema. Kwa sababu hiyo dripu ya sisplatini huwa ya maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, wala si ya sukari peke yake.

Tangu wakati huo umuhimu wa manitoli umepungua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliibakiza kwa dozi kubwa na kwa wenye shinikizo la damu, yakasisitiza maji ya chumvi kwa muda mfupi pamoja na magnesi. Magnesi ndiyo iliyopuuzwa kwa muda mrefu. Mrija uliojeruhiwa huacha magnesi ipotee katika mkojo, na katika panya waliopungukiwa na magnesi mlango wa OCT2 uliongezeka, platini ikaingia zaidi. Dhara huzaa upungufu, na upungufu hukaribisha dhara. Kuongeza gramu chache za magnesi katika dripu ni jambo la gharama ndogo kupita kinga zote tulizozitaja.

Dawa za kinga zilizosifiwa zaidi zimekuwa na bahati mchanganyiko. Amifostini, iliyoanzia katika utafiti wa jeshi la Marekani wa kukinga askari na mionzi, iliruhusiwa katikati ya miaka ya 1990, lakini ni ghali na hushusha shinikizo la damu na kutapisha. Sodiamu thiosalfati hushikana na platini na kuilemaza. Shida yake ni kwamba huilemaza popote, hata inapohitajika. Suluhisho lilikuwa ni saa. Mwaka 2022 iliruhusiwa Marekani kwa watoto, ikiwa inatiwa saa sita baada ya sisplatini, wakati dawa imekwisha kufanya kazi yake katika uvimbe. Lakini ruhusa hiyo ni ya kuyakinga masikio, si figo. Njia nyingine ni kubadili dawa yenyewe. Kaboplatini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1989, huzidhuru figo kidogo sana, na tangu mwaka huo huo dozi yake hukadiriwa kwa kupima kwanza nguvu ya figo za mgonjwa. Kwa bahati mbaya, katika saratani ya korodani haifikii sisplatini.

Kobalti: kinga katika panya

Msomaji wa Kolwezi atastaajabu kusikia kwamba miongoni mwa vitu vilivyozikinga figo za panya dhidi ya sisplatini ni kobalti. Seli ina protini iitwayo HIF inayotoa amri za kujihami wakati oksijeni inapopungua. Oksijeni ikiwapo, kimeng'enya chenye chuma huitia HIF alama na huvunjwa upesi. Kobalti hukivuruga kimeng'enya hicho, HIF ikabaki hai, na seli hudhani imekosa hewa na kujiandaa kwa dhiki. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliopewa kobalti kabla walipoteza seli chache zaidi za mirija. Ugunduzi wa njia hiyo ya oksijeni uliwapatia Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ni lazima tuwe wakali hapa, kwa kuwa habari kama hii husafiri upesi na hupoteza masharti yake njiani. Kobalti ilikwisha kujaribiwa kwa binadamu. Zamani ilitolewa kama dawa ya upungufu wa damu, ikaachwa kwa sababu ya madhara yake, na katika mji wa Quebec nchini Kanada, miaka ya 1965 na 1966, wanywaji wa bia iliyotiwa chumvi ya kobalti ili kutuliza povu walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Kipimo cha panya katika maabara hakina uhusiano wowote na vumbi la Musonoi au maji ya kuoshea mawe. Anayeishi juu ya kobalti hapati kinga. Anapata kobalti tu.

Figo ambazo tayari zina kazi

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha vipimo vya metali katika mkojo wa wakazi wa Katanga. Zaidi ya nusu ya walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti iliyovuka kiwango kilichopendekezwa kwa wafanyakazi wa viwandani, na viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyovyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida mahali popote duniani. Pamoja na kobalti kulikuwa na arseniki, kadimiamu, risasi na urani. Mwaka 2018 kikundi hicho kiliandika juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao wakazi wake, baada ya madini kugunduliwa chini ya nyumba zao mwaka 2014, walichimba mashimo katika nyua zao wenyewe. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi kuliko wenzao wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na DNA yao ilionyesha dalili za kuunguzwa na ile oksijeni kali.

Tafiti hizo hazikuhusu wagonjwa wa saratani, na hatutaki zibebeshwe mzigo usio wao. Hata hivyo, kadimiamu na urani ni sumu zinazojulikana vyema kwa figo, na mahali zinapopiga kwanza ni katika mrija ule ule wa mwanzo ambao sisplatini huupiga. Mtu aliyeishi miaka thelathini kati ya Kolwezi na Fungurume anaweza kuja hospitalini akiwa na mirija iliyochoka bila yeye kujua, kwani figo hazilalamiki mapema. Kwa mtu wa namna hiyo, kipimo cha figo kabla ya dozi ya kwanza ni cha lazima. Na kipimo chenyewe kinataka uangalifu. Kreatinini, inayotumiwa kila mahali, hutokana na misuli. Mgonjwa aliyekondeana kwa saratani ana misuli kidogo, hivyo kreatinini yake huonekana nzuri hali figo zake si nzuri. Tena hupanda kwa kuchelewa, kati ya siku ya tatu na ya kumi baada ya dawa, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kiasi cha kilomita 300.

Neno figo

Kutokana na siku hizo kumi, lugha inakuwa sehemu ya tiba. Kiswahili cha Katanga kilikua katika kambi za migodi, kikabeba maneno mengi ya Kifaransa ya kazini na ya hospitalini. Dripu, kwa mfano, ni serumu. Mojawapo ya maneno hayo ni reins. Katika Kifaransa chenyewe neno hilo lina pande mbili: ni figo, na pia ni sehemu ya chini ya mgongo, ile ambayo Kiswahili huiita kiuno. Muuguzi akiuliza kama reins zinauma, mchimbaji anayeinama shimoni kutwa atajibu ndiyo, na maana yake ni kiuno. Mwenye figo zinazokufa kwa sisplatini atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, kwani dhara hilo kwa kawaida haliumi. Swali linalofaa ni la haja ndogo: imepungua, imebadilika rangi, miguu imevimba? Haliulizwi kwa urahisi na kijana kwa mtu wa makamo ya mama yake, lakini Kiswahili kina adabu ya kutosha ya kuliuliza.

Hata agizo la kunywa maji mengi lina mtego. Wingi wa maji matupu bila chumvi wala chakula, kwa mgonjwa anayetapika na ambaye mrija wake unapoteza sodiamu, unaweza kumletea balaa jingine. Dawa za maumivu zinazouzwa barabarani, diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika figoni, nazo ndizo mgonjwa atakazozikimbilia. Na mganga wa mtaani akimdunga jentamisini kwa ajili ya homa, ameongeza sumu ya pili ya mrija ule ule.

Tumejaribu kuandika agizo ambalo mgonjwa anaweza kwenda nalo nyumbani, likasomwa na mtoto wake anayejua kusoma. Tunaliweka hapa ili wenye ujuzi wa lahaja za Katanga walirekebishe:

"Mama, dawa uliyotiwa leo inapita katika figo, na inaweza kuziumiza bila wewe kusikia maumivu. Kunywa vikombe vinane vya maji, chai au uji kwa siku, kidogo kidogo, na ule chakula chenye chumvi ya kawaida isipokuwa daktari amekukataza. Ukitapika hata maji hayakai, usingoje kesho, rudi leo. Ukiona haja ndogo imepungua, au miguu inavimba, au masikio yanavuma, rudi. Usinywe dawa ya maumivu wala usikubali sindano yoyote kabla hujamwambia anayekupa kwamba unatibiwa kwa sisplatini. Mwonyeshe karatasi hii. Siku ya saba njoo upimwe damu, hata kama unajisikia mzima."